Vidole viwili kwenye orodha ya makontena

Swali linaloangusha wengi kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu za kompyuta huonekana jepesi: hii hapa safu ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake inakaribia kiwango fulani bila kukizidi. Wapo wanaolibeza kuwa ni fumbo la darasani. Lipeleke Bandari ya Mtwara msimu wa korosho za Newala na Tandahimba. Tuseme namba hizo ni uzito wa makontena ya futi 20, na kiwango ni mzigo unaoruhusiwa kwa trela inayobeba mawili. Hapo ni kazi halali kabisa. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kulinganisha kila kontena na kila jingine, na kwa makontena 10,000 hizo ni jozi 49,995,000. Njia ya pili huanza kwa kuipanga safu toka jepesi hadi zito, kazi isiyofika milinganisho 150,000. Kisha kidole kimoja kinakaa kwenye jepesi kuliko yote, kingine kwenye zito kuliko yote. Jumla ikizidi, lile zito linafutwa, kwani lililoshindwa kukaa na jepesi kuliko yote yaliyobaki halitakaa na lolote kati ya hayo. Isipozidi, jumla inalinganishwa na iliyo bora hadi hapo, kisha jepesi linaachwa: limekwishapata mwenzi mzito kuliko wote waliobaki. Vidole vinakutana baada ya hatua 9,999.

Mpinzani atasema kompyuta za leo humaliza jozi milioni 50 kufumba na kufumbua. Kweli, na kwa makontena 300 simlaumu anayetumia njia ndefu. Ni vigumu kuikosea. Lakini orodha ikikua mara kumi, jozi hukua mara mia, karibu bilioni 5, na kila lori likiingia getini hesabu inaanza upya. Bandari iliyojengewa gati jipya la mita 300 haikutarajia orodha fupi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu hukariri majibu. Hilo nalikubali, ila dawa ni kuligeuza swali: makontena mawili ya trela moja lazima yawe ya meli moja. Aliyekariri atapeleka vidole vilevile kwenye orodha nzima. Aliyeelewa atayagawa kwanza kwa meli, kisha atatembeza vidole ndani ya kila fungu.