Safari ya kilimani Kagerankanda huanzia ofisi ya kijiji

Mtanzania akisikia habari za kupanda mlima, mawazo yake huenda Kilimanjaro au Meru, pengine Oldoinyo Lengai. Ni wachache wanaofunga safari kwa ajili ya vilima vya Kagerankanda, wilayani Kasulu, katika nyanda za miyombo zinazoendelea hadi Kibondo. Havina lango la watalii wala kibanda cha kupumzikia, na majina yake wanayajua zaidi wanaolima na kutundika mizinga ya nyuki chini yake. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kwenda. Buha, nchi ya Waha, haijulikani kwa kuipita ndani ya basi.

Scotland wanavipenda sana vilima vya aina hii, vya mbali na visivyo na sifa. Mlima wao mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345 tu. Ziko sehemu za nyanda hizi ambako mkulima anapalilia maharage yake juu ya kimo hicho. La kujifunza kwao ni maandalizi. Mwaka 1892 mpanda milima wao, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila maili tatu za kutembea, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni karibu kilomita 5 na mita 600. Kilima kilicho kilomita 8 kutoka kijijini, chenye mwinuko wa mita 300, kitadai kama saa mbili na dakika sita, kwenda tu. Naismith hakuwa na majani yanayofika kifuani. Ni busara kuongeza nusu ya muda huo.

Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 huonyesha mito na mistari ya mwinuko, lakini njia za baiskeli na mashamba mapya usitegemee kuyakuta humo. Hapo ndipo mwenyeji anapohitajika kuliko karatasi.

Na hapo ndipo sisi na Waskoti tunapoachana kabisa. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote, mradi asiharibu. Kagerankanda imepakana na msitu wa hifadhi, na msitu wa hifadhi unalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kuingia bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kujitafutia kesi. Tena ardhi hapa ina historia ya maumivu. Mvutano kati ya wakulima na hifadhi umedumu miaka mingi, hata ukafika kwa Rais John Magufuli alipozuru Kigoma Julai 2017. Mgeni anayezunguka na ramani, akipiga picha za mabonde, ni rahisi kudhaniwa mpima ardhi, na mpima ardhi huwanyima watu usingizi. Si mbali na hapo kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, nayo haiingiwi bila kibali.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya ofisi: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya misitu. Kitambulisho mkononi, salamu ya Kiha, "mwakeye", mdomoni, na maelezo ya kweli ya unachokifuata. Buha haijawahi kuwa nchi ya kupita kimyakimya. Novemba 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji, alitozwa ushuru wa njia na mtawala mmoja baada ya mwingine hadi vitambaa vikaanza kumwishia. Aliyemtoa humo, usiku kupitia porini, ni kiongozi wa njia aliyepatikana hapohapo.

Msimu bora ni mwishoni mwa Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha na hewa ingali safi. Kuanzia Julai nyasi huchomwa, na moshi hufunika mandhari yote. Mvua zikirudi, kileleni si mahali pa kusimama kwa sababu ya radi. Nguo za bluu na nyeusi ziachwe nyumbani, maana huwavuta mbung'o. Manukato pia, kwa ajili ya nyuki. Maji yasipungue lita tatu kwa kila mtu.

Jua hapa huchomoza kama nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, hivyo safari ianze saa moja asubuhi. Mwenye bodaboda aambiwe mapema arudi saa tisa alasiri na alipwe nusu kwanza. Namba ya simu ya mtendaji awe nayo yeye pia, ili ikifika saa kumi na moja hajaona mtu, ajue pa kupiga wakati mwanga wa kutafutia ungalipo.