Ukila kwa Majonzi, Usijisimange

Usiku, pale Nyakanazi wilayani Biharamulo, zinapokutana barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo, dereva wa lori aliyekwishakula huagiza tena chipsi mayai na soda. Tumbo limeshiba, kinachomsumbua ni upweke. Mama muuzaji wa Ngara naye, akirudi sokoni na hasara, huyamaliza maandazi yaliyobaki bila kusikia njaa.

Huo si ulafi. Msongo wa mawazo unapodumu, mwili hutoa kwa wingi homoni ya kotisoli, inayochochea hamu ya kula, hasa vitamu na vya mafuta. Vyakula hivyo hutuliza kweli, ila kwa muda mfupi. Kisha mtu huanza kujisimanga: "Mimi mlafi, sina hata haya." Masimango hayo ni msongo mpya, na hamu hurudi.

Mwaka 2007, watafiti wa Marekani Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu donati. Baadhi yao waliambiwa wasijihukumu, kwa kuwa kila mtu hula vitu kama hivyo. Baadaye waliwekewa peremende wale watakavyo. Miongoni mwa waliozoea kujinyima, walioambiwa wajihurumie walikula kidogo kuliko wenzao.

Basi hamu ikikujia, jiulize kwanza: nilikula lini? Kama umeshinda na chai na kipande cha muhogo, hiyo ni njaa, kula ushibe. Kama umeshiba, itaje hisia yenyewe: nina hasira, nina upweke, nimechoka. Jiambie maneno ambayo ungemwambia dada yako akiwa na hali hiyo. Kisha piga simu nyumbani, au nenda ukaketi na jirani. Ukila hata hivyo, usijiadhibu kwa kushinda njaa kesho. Kula ndizi zako na maharage kwa wakati wake, maana kujinyima mchana huzidisha hamu ya usiku.

Kujihurumia si kujiachia. Mwenye kisukari bado ana wajibu wa kuangalia anachokula. Na anayekula kwa siri mpaka anaumwa, anayejitapisha, au mwenye huzuni isiyokwisha kwa majuma mawili, aende kituo cha afya, amwone pia afisa lishe wa halmashauri.

Nasi tunaoishi na mtu anayekula kwa majonzi tuache salamu ya "Mbona umenenepa hivyo!" Tumuulize mambo yanamwendeaje, tumsikilize mpaka amalize.