Mirungi: jani moja, sheria mbili

Pale Namanga, kitita cha mirungi kilichofungwa kwa jani la mgomba ni bidhaa halali upande wa Kenya, na wenyewe huiita miraa. Kikivushwa mpaka kinakuwa dawa ya kulevya. Kenya inautambua mmea huu kisheria kama zao la biashara. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2015, imeuweka kundi moja na bangi, na maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupanda milima ya Same kung'oa mashamba.

Tuanze na jani lenyewe. Ndani yake mna katinoni, kemikali ambayo muundo wake unakaribiana sana na wa amfetamini. Hiyo ndiyo inayoleta stimu: usingizi unakata, njaa inapotea, moyo unakwenda mbio, maneno hayaishi. Lakini katinoni haidumu. Jani likishachumwa huanza kubadilika kuwa katini, ambayo ni dhaifu zaidi, na baada ya siku mbili hivi mtafunaji hana cha kutafuta humo. Ndiyo maana kuna yale majani ya mgomba yanayotunza ubichi, na ndiyo maana pikapu zinazobeba miraa kutoka Meru, Kenya, hukimbia vile.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unadhibiti katinoni na katini, lakini mmea wenyewe haukuwekwa humo. Kila nchi ikabaki kuamua. Uingereza iliomba ushauri wa baraza lake la wataalamu wa dawa za kulevya, likajibu mwaka 2013 kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuupiga marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, akaupiga marufuku hata hivyo, na amri ikaanza kazi Juni 2014. Wakulima wa Igembe, huko Meru, wakapoteza soko kwa uamuzi ambao kemia haikuwa na sauti ndani yake.

Je, uhalali umemaliza mjadala Kenya? Hata kidogo. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, aina ya bei nafuu inayotoka Embu, ikilalamikia vijana wanaoharibika. Kilifi ikafuata. Mahakama ikasimamisha amri hizo, na Rais Ruto akasema hazina nguvu kwa kuwa zao linalindwa na sheria ya taifa. Kelele zilikuwa nyingi. Swali la nani anamuuzia mtoto wa shule, na saa ngapi, halikupata nafasi. Hapo ndipo ninapowalaumu wapenzi wa uhalali: hukomboa mkulima na mfanyabiashara, kisha husahau duka la mtaani.

Nami siungi mkono jela kwa mtafunaji. Kukosa usingizi, shinikizo la damu kupanda, kufunga choo, na kwa baadhi ya watu akili kuvurugika, ni mambo ya zahanati. Kumfunga hakutibu hata moja, na nyumba yake inakosa mlezi. Tanzania ingeweza kuacha biashara ikiwa imefungwa, ikamwondolea kesi ya jinai mwenye kitita kimoja mkononi, na kumpeleka kwa mshauri badala ya hakimu. Ureno ilifanya karibu hivyo mwaka 2001, tena kwa dawa zote, heroini ikiwamo, bila kuruhusu hata moja iuzwe dukani.