Hapa, Kule na Mle: Kupiga Picha ya Mandhari Kutoka Nakasero

Mwanafunzi wa Kiswahili akipewa picha ya mandhari na kutakiwa aieleze, mara nyingi huandika kwamba picha ni nzuri, ina miti, nyumba na kilima, kisha kalamu hukwama. Mwalimu humlaumu kwa uhaba wa msamiati. Hata hivyo, upungufu huweza kuwa katika picha yenyewe: vitu vyote vimebandikwa kama ukutani, hakuna karibu wala mbali, hakuna mwanga wala kivuli. Katika makala haya tutaeleza namna ya kupiga picha yenye mwanga, kina na hali ya mahali, kwa kutumia mfano wa kilima cha Nakasero jijini Kampala. Aidha, tutaonyesha kwamba ngeli ya mahali ya Kiswahili ni kipimo kizuri cha picha ya namna hiyo.

Mwanga

Kampala iko karibu sana na Ikweta, takriban theluthi moja tu ya digrii kaskazini yake. Kwa sababu hiyo jua hupanda na kushuka karibu wima mwaka mzima. Huchomoza takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi, na ndiyo maana saa za Kiswahili, zinazoanza kuhesabu asubuhi upya, zinakubaliana vizuri na anga la hapa. Kwa mpiga picha, mwendo huo wa jua una gharama. Mwanga wa pembeni, ule wenye rangi ya dhahabu, haudumu hata saa nzima baada ya mawio au kabla ya machweo. Nchini Uingereza wakati wa kiangazi jua hushuka kwa mshazari na mwanga huo hukawia. Hapa anayechelewa ameukosa.

Saa 6 mchana jua liko karibu na utosi. Vivuli hujikunyata chini ya vitu, na bonde na kilima huonekana bapa. Huo si wakati wa kupiga picha ya vilima.

Ukisimama sehemu za juu za Nakasero na kuelekea kusini-magharibi, utaona kilima cha Kampala ya Zamani chenye Msikiti wa Taifa, nyuma yake Namirembe, na mbali zaidi Rubaga na kanisa lake la minara miwili. Asubuhi jua liko mgongoni mwako: matofali mekundu ya kanisa kuu la Namirembe hung'aa, lakini vivuli vingi huangukia nyuma ya majengo, usipoviona. Jioni jua liko mbele yako: rangi hupungua, na vilima hubaki kama vivuli vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Mwezi wa Desemba jua huzama karibu na upande wa Namirembe. Mwezi wa Juni huwa limehamia kaskazini-magharibi, kuelekea upande wa Makerere. Kwa hiyo picha ya mahali palepale hubadilika kwa saa na kwa mwezi.

Kina

Picha ni karatasi bapa. Kina ni lazima kitengenezwe. Kanuni ni kuwa na sehemu tatu: kitu cha karibu, eneo la kati na upeo wa mbali. Tawi la mwembe, ukuta wa bustani au ndege kalooli aliyetua juu ya paa hutosha kuwa kitu cha karibu, nacho humpa mtazamaji kipimo cha ukubwa wa vingine. Mwenye kamera apunguze tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 ili sehemu zote tatu zionekane wazi, na atumie stendi ya miguu mitatu mwanga unapopungua. Mwenye simu aguse sehemu angavu ya anga kwenye kioo na kupunguza mwangaza kidogo, la sivyo mawingu yatakuwa doa jeupe. Tahadhari moja: Nakasero pana Ikulu na ofisi za serikali; usielekeze kamera huko, na penye shaka uombe ruhusa kwanza.

Hali ya mahali

Kwa nini kilima cha mbali huonekana hafifu kuliko cha karibu? Kati yako na kilima hicho kuna hewa yenye mvuke, vumbi na moshi, navyo hutawanya mwanga. Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo pazia hilo linavyokuwa zito. Mvua ikinyesha, vumbi huoshwa na Rubaga husogea karibu. Usiku ukiwa mtulivu, hewa baridi, ambayo ni nzito, hushuka mabondeni, na alfajiri ukungu huonekana umelala huko.

Lakini tuwe waangalifu. Weupe wote si ukungu. Sehemu yake ni moshi wa mkaa wa kupikia na wa magari, ambao wakazi wa mabondeni huuvuta kila siku. Anayeandika "ukungu" palipo na moshi amepamba picha na kuficha habari. Uteuzi wa neno hapa ni suala la ukweli, wala si la mtindo tu.

Ngeli ya mahali

Sasa mwambie mwanafunzi aitazame picha na kutunga sentensi tatu: "Hapa pana mwembe. Kule kuna vilima. Mle bondeni mna moshi." PA- huonyesha mahali dhahiri, KU- mahali pa jumla au pa mbali, na MU- ndani. Picha isiyoweza kubeba sentensi zote tatu huenda haina kina.

Zoezi hili lina faida ya pekee kwa Mganda. Kiganda nacho kina viambishi vya mahali wa-, ku- na mu-. Mu- ya lugha hizi mbili hukaribiana, ila ku- ya Kiganda hueleza kilicho juu ya kitu, jambo ambalo Kiswahili hulieleza kwa "juu ya". Mwanafunzi asiyetanabahishwa huenda akasema "ku meza". Picha humwonyesha tofauti hiyo kwa macho.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, na kuelekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, walimu wanahitaji vifaa vya kufundishia visivyo na gharama kubwa. Simu moja na kilima kimoja vinatosha. Walimu wajaribu hivi: wanafunzi wapige picha ya mahali pamoja saa 1:15 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12:15 jioni, kisha waeleze kwa aya tatu kilichobadilika hapa, kule na mle. Neno "nzuri" lisiruhusiwe hata mara moja.