Fahamu: Kutoroshana si sawa na kutekwa

Kule Ngarenaro, kata ya jijini Arusha yenye watu wa makabila mengi, utasikia watu wakisema binti fulani "katoroshwa". Neno hilo moja hubeba mambo mawili yasiyofanana.

Maana yake

Kutoroshana ni wawili kukubaliana na kuondoka bila baraka za wazazi, mara nyingi kwa sababu mahari ni kubwa au mkwe amekataliwa. Kuteka ni kumbeba binti kwa nguvu. Mexico nako neno moja, "rapto", limebeba yote mawili.

Mila

Uporaji wa mabinti ulikuwepo kwa Wachagga wa Kilimanjaro, na kwa Wasukuma ukiitwa kupura. Baada ya kutoroshana, kwa kawaida wazee wa upande wa kijana hutumwa kwa wakwe kuomba radhi. Wachagga hubeba jani la isale, alama ya msamaha. Hapo ndipo faini na mahari huzungumzwa. Binti mwenyewe huulizwa? Si mara zote.

Sheria

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Bila hiyo, ndoa ni batili. Mwanamke wa miaka 18 hahitaji idhini ya wazazi. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakitambulika kama mke na mume, huweza kudhaniwa kuwa wanandoa. Kumchukua mwanamke kwa nguvu ili aolewe ni jinai, hata mahari ikilipwa baadaye.

Umri

Sheria hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.