Msee wa Garissa Akisema "Naenda Kenya" Anamaanisha Nini?

Ukikaa Garissa hata wiki moja tu, lazima utaskia mtu akisema, "Kesho naenda Kenya." Na wewe uko pale unajiuliza, kwani hapa ni wapi? Wengi hukasirika papo hapo na kuanza lecha za uzalendo. Tulia kwanza, buda.

Kuna somo inaitwa semantiki. Jina ni kubwa lakini kazi yake ni moja, kuchunguza maana ya maneno. Inasema neno huwa na maana ya msingi, ile ya kamusi, halafu kuna maana ya ziada, ile watu wameipaka kwa kuishi na hilo neno.

Kwa kamusi, Kenya ni nchi nzima, kutoka Mandera hadi Vanga. Lakini mzee wa Garissa ameishi nayo vingine. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na mwezi huo huo gava ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita ya Shifta iliisha 1967, lakini zile sheria zilikaa mpaka 1991. Karibu miaka 28, manze! Katikati hapo, 1989, Wasomali Wakenya wakaanza kukaguliwa upya na kupewa kadi ya kuonyesha ni Wakenya. Kwa hivyo akikuambia Kenya iko ng'ambo ya daraja la Tana, hakukatai wewe. Anakupea historia yote kwa neno moja.

Hata hiyo "shifta" yenyewe ni hivyo. Gava ilimaanisha majambazi. Wale walioshika bunduki walijiona wanapigania kujiunga na Somalia.

Cheki pia "wariya". Kwa Kisomali ni kuita tu mwanaume, kama "we, kijana!" Beshte akimwita beshte hivyo, hakuna noise. Makanga akiitumia kwa kila Msomali anayepanda mathree, hiyo imekuwa kitu ingine. Halafu Wasomali wa Somalia nao huwaita wenzao wa Kenya "sijui", Kiswahili kabisa. Yaani huku ni wariya, kule ni sijui. Noma.

Kwa hivyo neno likikuchoma, usianze kupika jibu kichwani kabla mtu amalize. Muulize, "Ukisema Kenya, unamaanisha wapi?" Kisha nyamaza. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako uone kama umeshika. Inachukua dakika mbili hivi na inaokoa urafiki.

Na ukisalimiwa "iska warran?", jua ndani ya hilo neno kuna "war", yaani habari. Unaombwa utoe habari zako. Sisi pia huuliza "habari?", ni vile tu hujibu "poa" na tushapita. Jaribu kumjibu mzee wa Garissa na poa moja tu, uone vile atakuangalia akingoja stori iendelee.