Korosho: Tamu Mdomoni, Kali Mkononi

Korosho haikosekani mjini Unguja. Utaikuta ndani ya halua, kwenye kashata, na katika vifurushi vinavyouzwa soko la Darajani. Lakini, mama mwenzangu, umewahi kujiuliza imetoka wapi, na ni mikono ya nani iliyoitoa katika ganda lake?

Safari ya mkanju

Hapa Unguja mti wake twauita mkanju, na tunda lake kanju. Wenzetu wa Bara husema mkorosho na bibo. Jina kanju lenyewe latuonyesha njia mti huu uliyopita. Asili yake ni Brazili, ambako wenyeji waliuita acaju. Wareno walilichukua jina pamoja na mbegu, na katika karne ya 16 wakaupanda Msumbiji na Goa, India. Ni Wareno hao hao walioshika mwambao wetu hadi Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698.

Visiwani heshima ilikwenda kwa karafuu na nazi. Mkanju ukaachwa ujitegemee kwenye ardhi ya kichanga, maana ni mti usiodai mengi.

Bara, hasa Mtwara na Lindi, korosho ikawa ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Msimu wa 1973/74 zilivunwa zaidi ya tani 140,000. Kisha wakulima wengi wakahamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei ikawa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Dawa ya salfa na kazi ya watafiti wa Naliendele, Mtwara, vilisaidia kuliinua zao, na msimu wa 2017/18 zilipita tani 300,000.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu kubwa imesafirishwa India na Vietnam ikiwa bado na ganda. Sababu mojawapo ni kwamba kubangua korosho ni kazi ngumu, na mara nyingi kazi hiyo huangukia wanawake.

Mafuta yanayounguza

Kati ya ngozi mbili za ganda la korosho mna mafuta meusi makali. Viwandani hutumika kutengenezea rangi na breki za magari. Fikiria basi yanavyoifanya ngozi ya mtoto! Mkanju ni wa ukoo mmoja na mwembe, ndiyo maana utomvu wa embe nao huchubua midomo.

Katika kazi ya uuguzi nimeona vidole vilivyobabuka na kuwa vyeusi, na midomo ya watoto iliyovimba kwa sababu wameng'ata korosho mbichi. Wengine huungua wakati wa kuchoma, kwa kuwa mafuta hayo hushika moto ghafla na kuruka. Moshi wake nao huwasha macho na kubana kifua.

Kwa hiyo, dada, zingatia haya:

Choma nje, mahali penye hewa, nawe usimame upande upepo unakotoka. Watoto wakae mbali, hasa mwenye pumu.

Vaa glavu unapobangua. Kama huna, jipake mafuta ya kupikia mikononi na uyarudie mara kwa mara. Usijiguse macho.

Mafuta ya ganda yakikugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa muda mrefu kisha nenda hospitali.

Aliyeungua kwa moto, poza jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala samli.

Chakula cha familia

Korosho iliyobanguliwa vizuri ni chakula chema. Katika gramu 100 mna protini kiasi cha gramu 18, na mafuta kiasi cha gramu 44. Kiganja kimoja kwa siku chatosha. Kanju nalo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe korosho nzima, huenda ikamkaba. Isage uchanganye na uji wake. Akitokwa na vipele, akivimba uso au akihema kwa shida baada ya kuila, mkimbize hospitali.

Na siku utakapomkuta mama mwenzio ameketi na vifurushi vyake, mtazame mikono kabla hujamwomba apunguze bei. Huenda mikono hiyo imekwisha kulipa sehemu ya gharama. Mpe haki yake, na ukiweza, mpelekee na jozi ya glavu.